Mkataba na Historia ya Maneno Yake

Barua ya wazi kwa mawakili na makarani wa sheria wa Vwawa, Mlowo na Tunduma, viongozi wa vyama vya ushirika wa mazao (AMCOS) vya Mbozi, watendaji wa vijiji, na wenye steshenari wanaochapa mikataba ya wananchi

Hasamba, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe

Mkataba ulioandikwa ni makubaliano yaliyowekwa katika maneno ambayo pande zote mbili zinaweza kuyarudia siku kumbukumbu zao zitakapoachana. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo mizizi yake ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, inayatambua makubaliano kuwa mkataba pale watu wenye uwezo wa kisheria wanapokubaliana kwa hiari, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Maandishi si sharti la kila mkataba. Magunia ya mahindi huuzwa Mlowo kwa mdomo na kila mtu akarudi kwake salama. Lakini watu wa Hasamba wanapokodishana shamba, wanapokopeshana fedha za mbolea au kuachiana nyumba ya kupanga, neno linalosemwa ni "tuandikishane". Likishatendeka, hali hubadilika. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, hairuhusu masharti yaliyokwisha kuandikwa yapingwe au yaongezewe kwa maneno ya mdomo, isipokuwa kwa sababu chache inazozitaja, udanganyifu ukiwa mojawapo. Hapo swali la nani alisema nini hupungua uzito, na swali la karatasi ipi ndiyo yenyewe huongezeka.

Swali hilo la pili lina dawa inayojulikana, isiyo ya gharama, ambayo waandishi wa programu za kompyuta wameitumia kwa miaka zaidi ya 50. Dawa yenyewe ni kuandika mkataba katika faili la maandishi matupu, kisha kuliweka faili hilo chini ya mfumo unaotunza kila toleo lake pamoja na tarehe, jina la aliyelibadili na sababu ya badiliko.

Maneno ya mkataba hufuata njia ndefu kabla ya kusainiwa, na njia hiyo mara nyingi huanzia steshenari. Kijana aliyeketi kwenye kompyuta hafungui ukurasa mtupu. Hufungua mkataba wa mteja wa wiki iliyopita, akafuta majina, akaweka mapya, akabadili eka na shilingi, akaprinti nakala tatu. Faili la kwanza linaitwa MKATABA SHAMBA, la pili MKATABA SHAMBA MPYA, la tatu MKATABA SHAMBA MPYA FAINALI, na la nne hurudi kwa WhatsApp likiwa na jina lililotungwa na simu. Kuanza na mkataba wa zamani si kosa. Mawakili wa dunia nzima hufanya hivyo, na kifungu kilichowahi kupimwa mahakamani kina thamani kuliko kilichobuniwa usiku wa kuamkia kusaini. Kosa ni kutojua kilichobaki ndani. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kutoka mkoa wa Mbeya. Mkataba wa mfano uliorithiwa kutoka kabla ya hapo utaendelea kusema "Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya" mpaka atokee mtu wa kuukagua. Jina la mkoa ni kasoro ndogo, ila ni ushahidi kwamba ukurasa huo haujasomwa kwa miaka. Na pale pasiposomwa ndipo hubaki pia kifungu cha fidia ambacho mteja wa zamani alikidai kwa sababu zake, na ambacho mteja wa leo hakukisikia.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye badiliko dogo linalofanyika kati ya rasimu mbili. Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini kila aliyewahi kukodi shamba Mbozi atautambua. Shamba ni la eka mbili. Rasimu iliyosomwa asubuhi inasema:

Mpangaji atalima shamba kwa msimu mmoja kuanzia tarehe 1 Novemba.

Iliyoprintiwa mchana inasema:

Mpangaji atalima shamba kwa mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Novemba.

Limebadilika neno moja. Mvua za Mbozi ni za kipindi kimoja, huanza karibu na Novemba na kukatika Aprili au Mei. Mahindi hupandwa mvua zinapoanza, na maharage hupandwa baadaye, Februari au Machi, wakati mahindi yanaelekea kukomaa. Kwa mwenye shamba, "msimu" unaweza kuwa na maana ya mahindi, yakivunwa basi. Kwa aliyelipa kodi, msimu haujaisha mpaka maharage yatoke. "Mwaka" nao unabeba kiangazi chote, na kama eka mojawapo imegusa bonde, kuna mboga za kumwagilia humo mpaka Oktoba. Kwa hiyo neno lililobadilika kati ya asubuhi na mchana lina uzito wa mavuno kamili, na katika karatasi ya kurasa tatu zenye herufi zinazofanana jicho halilioni. Hata msomaji makini huwa amechoka afikapo ukurasa wa pili, kwa kuwa anaamini kwamba maneno hayo ameshayasoma.

Microsoft Word ina uwezo wa kuonyesha mabadiliko, na mawakili wengi wanautumia. Uwezo huo lazima uwashwe na mtu, na aliyeuwasha anaweza kuuzima. Mabadiliko yakikubaliwa alama zake hufutika. Maneno yakinakiliwa na kubandikwa kwenye faili jipya, historia hubaki kwenye kompyuta yalikotoka. Mwenye shamba aliyetumiwa nakala ya mwisho kwenye simu hana njia ya kuuliza faili lake lilipitia wapi.

Maandishi matupu ni faili lenye herufi, tarakimu, nafasi na mistari, bila kitu kingine chochote: hakuna rangi, aina ya herufi, wala maagizo yaliyofichwa nyuma ya ukurasa. Kinachoonekana ndicho kilichomo. Faili la aina hiyo hufunguka kwenye simu ya bei ya chini na kwenye kompyuta ya miaka 20 iliyopita, bila programu ya kununua, na mkataba wa kurasa tatu ndani yake ni mwepesi kuliko picha moja ya WhatsApp. Kiswahili kimebahatika hapa, kwa kuwa herufi zake zote zimo katika seti ya msingi ya kompyuta tangu miaka ya 1960. Mahali pa kuangalia ni alama ya ritifaa. Word hupenda kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwa kompyuta, hizo ni alama mbili tofauti. Mkataba wa kuweka mifugo rehani unaweza kuwa na "ng'ombe" wa aina mbili, na anayetafuta neno hilo katika faili akapata nusu tu ya mahali lilipotajwa. Katika maandishi matupu alama hiyo haibadilishwi na programu kimyakimya.

Mkataba bado unahitaji kuonekana kwa heshima unapowekwa mezani. Kwa ajili hiyo ziko alama chache nyepesi za kuonyesha vichwa na orodha, mashuhuri zaidi zikiwa zile za Markdown, iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004. Programu ya bure iitwayo Pandoc, iliyoanzishwa na John MacFarlane mwaka 2006, huligeuza faili hilo kuwa la Word au PDF. Karatasi inayotoka kwenye printa haina tofauti na iliyozoeleka.

Mfumo wa kutunza matoleo ndio moyo wa jambo lote. Mwaka 1972 Marc Rochkind, katika maabara za Bell nchini Marekani, aliandika programu ya kwanza iliyojulikana sana ya kuhifadhi kila badiliko la faili badala ya kufuta la zamani. Miaka michache baadaye, mahali hapohapo, Douglas McIlroy na James Hunt walitoa programu ya kulinganisha mafaili mawili mstari kwa mstari na kuonyesha mistari iliyoachana tu. Mfumo unaotumika zaidi leo ni Git. Linus Torvalds aliuanza Aprili 2005 ili kuyasimamia maelfu ya mabadiliko ya mfumo endeshi wa Linux yaliyokuwa yanatoka kwa watu wasioonana, na kila mmoja alihitaji kuwa na nakala kamili. Nakala kamili hapa ina maana ya historia nzima, tangu toleo la kwanza, ikiwa mikononi mwa kila mhusika. Katika mkataba wa shamba la eka mbili, kama badiliko lile lingefanywa kwa makubaliano na kodi ikapanda nalo, kumbukumbu yake ingesomeka hivi:

Toleo c41e9a7. Karani, 14 Oktoba, saa 8:20 mchana.
Sababu: Pande zote zimekubaliana muda uongezwe na kodi ipande.
− Mpangaji atalima shamba kwa msimu mmoja kuanzia tarehe 1 Novemba.
+ Mpangaji atalima shamba kwa mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Novemba.
− Kodi ni shilingi 300,000.
+ Kodi ni shilingi 420,000.

Mistari yenye alama ya kutoa imeondolewa, yenye alama ya kujumlisha imeingia. Mistari mingine ya mkataba haikuguswa, na msomaji hana haja ya kuirudia. Mwenye shamba anaona jambo ambalo karatasi peke yake haimwonyeshi: muda umeongezwa na kodi imepanda kwa pamoja, katika badiliko moja lenye sababu moja. Kama kodi isingepanda, pengo hilo lingeonekana saa ileile.

Herufi na tarakimu zile saba, c41e9a7, ni mwanzo wa utambulisho wenye alama 40 unaokokotolewa kutoka kwenye maneno yote ya toleo, jina, tarehe, sababu, pamoja na utambulisho wa toleo lililotangulia. Ni kama dole gumba la faili. Nukta moja ikihamishwa katika toleo la tatu, utambulisho wa toleo la tatu hubadilika, na wa matoleo yote yaliyofuata hubadilika nao. Anayetaka kuigeuza historia inambidi aigeuze katika nakala ya kila mhusika.

Njia hii inadai uandishi wa aina fulani, na uandishi huo una faida hata pasipo kompyuta. Kila sentensi ikae kwenye mstari wake, maana mfumo hulinganisha mistari, na aya ndefu ya mstari mmoja itaonyeshwa yote kuwa imebadilika kwa ajili ya neno moja. Sentensi moja ibebe wajibu mmoja. Neno lenye utata lielezwe mara moja mwanzoni: "Msimu maana yake ni kuanzia 1 Novemba hadi maharage yaliyopandwa Machi yatakapovunwa, si zaidi ya 31 Julai." Kifungu kitajwe kwa jina, "kifungu cha Muda", kwa kuwa namba husogea kifungu kipya kinapoingizwa katikati na "kama ilivyo katika kifungu cha 4" ikaelekeza pasipohusika. Hata alama ndogo ina bei yake. Mwaka 2017 mahakama ya rufani nchini Marekani iliwapa haki madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst, jimbo la Maine, kwa sababu koma moja ilikosekana katika sheria ya malipo ya saa za ziada, na mwaka uliofuata shauri likamalizwa kwa dola milioni 5.

Watunzi wa sheria wenyewe wamekwisha kuielekea njia hii, na sehemu ya kazi hiyo ni ya Afrika. Akoma Ntoso, jina linalotokana na lugha ya Kiakan ya Ghana lenye maana ya mioyo iliyounganika, ni mfumo wa kuandika sheria na kumbukumbu za bunge katika maandishi ambayo kompyuta inayasoma kifungu kwa kifungu. Ulibuniwa chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia mabunge ya Afrika, na mwaka 2018 ukapitishwa kuwa kiwango cha kimataifa. Sheria iliyoandikwa hivyo inaweza kuonyeshwa ilivyokuwa tarehe yoyote, kabla na baada ya kila marekebisho. Mkataba wa pango wa Vwawa ni jambo dogo kuliko sheria ya nchi, lakini mahitaji ni yaleyale.

Marekebisho ya sheria ndiyo yanayoonyesha kwa nini mikataba ya mfano nayo inahitaji historia. Machi 2025 zilitolewa kanuni zinazozuia bei za biashara ya ndani ya Tanzania kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Fremu na maghala ya Tunduma, mji wa mpakani, ni mahali ambapo dola na kwacha si wageni katika mikataba. Ofisi yenye mkataba mmoja wa mfano uliotunzwa kwa matoleo ingebadili mstari mmoja, ikaandika sababu, na kujua mara moja ni wateja gani walipewa toleo la kabla ya tarehe hiyo. Ofisi yenye mafaili 200 ya Word yaliyozaliwa kutoka kwa mengine italazimika kuyafungua yote. Kwacha yenyewe ni funzo: tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye sarafu yake, na karatasi isiyo na tarehe ya uhakika inayotaja "kwacha 500,000" inaweza kuwa na maana mbili zinazopishana mara elfu moja.

Mpaka unaleta pia suala la lugha. Upande wa Nakonde, nchini Zambia, sheria ni za Kiingereza, na upande wa Tunduma, tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021, lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili. Mkataba wa kukodi lori kati ya pande hizo huandikwa kwa lugha mbili, na kwa kawaida ni lugha moja tu inayorekebishwa dakika ya mwisho. Lugha hizo zikiwekwa katika hazina moja, yaani folda moja inayotunzwa na Git, mstari kwa mstari, badiliko lililoingia upande mmoja bila kuingia wa pili hujitokeza. Kifungu cha lugha ipi itashinda kinabaki kuwa cha lazima.

Mipaka ya njia hii nayo ielezwe bila kupunguzwa. Git humwandika mtu kwa jina alilojiandikisha mwenyewe, na haithibitishi kwamba ndiye. Kwa hiyo historia haichukui nafasi ya saini, dole gumba, mashahidi wala muhuri. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na hakuna faili linaloweza kukwepa kikao chake. Asiyejua kusoma hasaidiwi na alama za kujumlisha na kutoa mpaka asomewe, na kumsomea mistari iliyobadilika peke yake haitoshi kama hakuwahi kusomewa mkataba mzima. Mikataba yenye majina ya watu haifai kuwekwa hadharani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika. Kinachofaa kuwa wazi kwa kila mtu ni mikataba ya mfano, isiyo na jina la mteja hata mmoja.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, na katika kuzipima inataka kuangaliwa jinsi zilivyotengenezwa na kutunzwa, jinsi uadilifu wake ulivyolindwa, na jinsi aliyezitoa alivyotambuliwa. Katika mambo mawili ya kwanza historia ya matoleo ina jibu zuri kuliko flashi yenye FAINALI nne. Katika la tatu inahitaji msaada wa saini.

Mawakili na makarani wa sheria wanaombwa kuiweka mikataba yao ya mfano inayotumika zaidi, ya pango, ya shamba, ya mkopo na ya kukodi gari, katika maandishi matupu ya Kiswahili, na kuandika sababu ya kila badiliko kwa sentensi ambayo mteja ataielewa. Viongozi wa AMCOS wanaombwa zaidi, kwa kuwa mkataba wao wa kuuza au kukobolesha kahawa unawafunga mamia ya wakulima ambao hawakuwapo mezani. Bodi hubadilika, katibu huhama, na flashi huhama naye. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wanaizungumzia hali hii, na daftari la mkataba ni historia yake, itunzwe na chama na wala si na mtu. Watendaji wa vijiji wanaombwa kukataa kugonga muhuri kwenye mkataba uliorekebishwa bila kuonyeshwa mistari iliyobadilika. Wenye steshenari, ambao huchapa mikataba mingi ya wananchi, wanaombwa kuacha kutumia karatasi ya mteja mmoja kuwa mfano wa mwingine, na kuanza kila mara na mkataba wa mfano uliokaguliwa. Mtandao ukikatika kazi haisimami, kwani Git hufanya kazi bila intaneti, na nakala inaweza kubebwa kwenye flashi ileile.

Siku ya kusaini, utambulisho wa toleo uchapwe chini ya kila ukurasa, karibu na mahali pa saini: "Toleo c41e9a7". Ukitokea mgogoro, baraza au hakimu hana haja ya kubishana na kumbukumbu za watu. Nakala yoyote iliyobaki kwa mhusika yeyote hufunguliwa, toleo hilo likatolewa, likalinganishwa na karatasi.

Mashamba ya Mbozi hukodishwa zaidi kabla ya mvua za Novemba, na mkataba wa shamba ni mfupi kuliko mingine yote, kwa hiyo ndio wa kuanza nao. Toleo la kwanza katika hazina liwe karatasi ya zamani kama ilivyokutwa, bila kusafishwa, na "Mkoa wa Mbeya" ukiwamo, ili toleo la pili lionyeshe, mstari kwa mstari, kilichorekebishwa, nani aliyekirekebisha na kwa sababu gani.